Madoa Chini ya Jani la Kangaga

Kangaga ni mmea usiotoa maua wala mbegu. Huzaana kwa spora, yaani chembe ndogo mithili ya vumbi, zinazokomaa katika madoa ya kahawia upande wa chini wa majani. Mtu aliyeotesha kangaga chunguni, ndani ya nyumba, huenda akayaona madoa hayo, akadhani ni wadudu, akaukata mmea wenye afya au akaumwagia sumu. Mwingine hukosea kinyume chake: huwaacha wadudu wakaongezeka akidhani kuwa ni spora.

Wadudu wanaoleta utata huo ni vidugamba. Mmojawapo ni Saissetia coffeae, ambaye hushambulia mibuni pia, kama jina lake linavyodokeza. Jike lililokomaa ni la kahawia, lina umbo la kofia, na upana wake ni milimita chache tu. Hutoboa jani, hufyonza utomvu, na hutaga mamia ya mayai chini ya mwili wake bila kuhitaji dume.

Zipo dalili tatu za kutofautisha. Kwanza, mpangilio: katika makangaga ya jamii ya Nephrolepis, madoa ya spora hujipanga safu pande zote mbili za mshipa wa kati, ilhali vidugamba hutapakaa ovyo, hata juu ya bua. Pili, doa la spora likikwanguliwa kwa sindano hupukutika. Kidugamba hubanduka kizima. Tatu, vidugamba hutoa majimaji matamu yanayonata, ambayo huwavuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi.

Ikithibitika kuwa ni wadudu, isidhaniwe kwamba sumu ndiyo dawa ya kwanza. Gamba humkinga mdudu, na mwili wa mama huyakinga mayai. Aidha, majani ya kangaga ni membamba na huungua upesi kwa mafuta, sabuni kali au spiriti. Tena sumu iliyonyunyizwa chumbani huvutwa na watu. Yafaa mmea utengwe na mingine, kisha majani yaliyoathirika sana yakatwe na kuchomwa, kwani shina litachipua mengine. Wadudu waliobaki wabanduliwe mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti kidogo, baada ya kuijaribu kwanza kwenye jani moja na kungoja siku mbili. Kazi hii irudiwe kila juma kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, kwa sababu mayai hayaanguliwi yote kwa pamoja.

Wanafunzi waweza kuthibitisha haya darasani. Jani lenye madoa yaliyokomaa lilazwe juu ya karatasi nyeupe, upande wa madoa ukiwa chini, mahali pasipo upepo. Baada ya siku moja au mbili, spora zitaacha vumbi lenye umbo la safu zake. Vidugamba havitaacha alama hiyo.