Shingo Iliyopinda si Uchawi

Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, kama ilivyo katika miji mingi ya ukanda huu wa Maziwa Makuu, mtu akianza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, au akishika kwamba jirani anamtilia sumu chakulani, ugonjwa wake hupewa jina kabla haujachunguzwa. Mmoja atasema ni amarozi, mwingine atasema ni mizimu ya ukoo. Mwisho wa yote, baada ya fedha kwisha na nguvu za jamaa kuchoka, mgonjwa hufikishwa hospitali. Hapo mara nyingi hukutana na dawa ambayo umri wake umepita miaka 60, nayo ni haloperidoli.

Yafaa wananchi waijue dawa hii, kwa kuwa imewarudisha wengi majumbani mwao, na pia kwa kuwa asiyeijua aweza kuikimbia siku ile ile anapoihitaji zaidi.

Kabla ya mwaka 1952 ulimwengu haukuwa na dawa ya kweli ya wazimu. Wagonjwa walifungiwa katika majumba makubwa, wengine maisha yao yote. Mwaka huo, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba kloropromazini, iliyotengenezwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950, iliweza kutuliza fujo na kupunguza sauti na mawazo ya uongo. Mwaka 1958, nchini Ubelgiji, maabara ya daktari Paul Janssen ilitengeneza haloperidoli, yenye nguvu zaidi kwa kipimo kidogo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977, dawa zote mbili zilikuwamo. Ni dawa za bei nafuu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutumika kwake hadi leo katika nchi zetu.

Je, hufanyaje kazi? Ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na mojawapo huitwa dopamini. Katika maradhi kama skizofrenia, dopamini huzidi kazi katika baadhi ya njia za ubongo. Haloperidoli huziba milango inayopokea kemikali hiyo, na kelele za ndani hupungua. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa viungo vyetu. Kwa hiyo manufaa ya dawa hii na madhara yake yanatoka katika chungu kimoja. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba nafuu huanza dawa inapoziba kama asilimia 65 ya milango hiyo, na kwamba ikikaribia asilimia 80 viungo huanza kukakamaa. Kuongeza dawa kupita kiasi, basi, hakuongezi uponyaji.

Tuchukue mfano wa kijana mvuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu. Ameanza dawa Jumatatu. Jumatano shingo yake inapinda upande mmoja, macho yanageuka juu, ulimi unakuwa mzito. Nyumbani vilio vinatanda: amerogwa mara ya pili! Dawa inatupwa, mgonjwa anapelekwa kwa mganga, na baada ya majuma machache wazimu unarudi kwa nguvu. Hali hiyo ni mkazo wa misuli unaoletwa na dawa, nao huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo. Akirudishwa hospitali upesi, sindano ya dawa ya kuulegeza, kama biperideni, humfungua kwa muda mfupi. Kisha daktari hupunguza kipimo au hubadili dawa. Laiti jamaa wangaliambiwa hayo tangu siku ya kwanza, mkasa wote ungaliepukika.

Yako madhara mengine. Mgonjwa aweza kushindwa kutulia, akasimama na kuketi bila kukoma; watu wakadhani ugonjwa umezidi, wakamwongezea dawa, na hali ikawa mbaya zaidi. Aweza kutetemeka na kutembea kwa hatua fupi kama mzee. Baada ya miezi au miaka ya kutumia, midomo na ulimi vyaweza kuanza kuchezacheza vyenyewe. Katika watu wazima 100, kama 5 hupatwa na hali hiyo kwa kila mwaka wa matumizi, na wazee zaidi. Tena aghalabu haiondoki kwa urahisi. Dawa yaweza pia kuvuruga mapigo ya moyo, hasa kwa kipimo kikubwa au kwa sindano ya mshipani.

La kuogopwa kuliko yote hutokea kwa nadra: homa kali, mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Katika nchi ya malaria, homa hiyo ni rahisi kudhaniwa malaria. Anayetumia dawa hii akipatwa na dalili hizo, asimezeshwe kidonge kingine. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na dawa anayotumia itajwe.

Yafaa pia kujua isipofaa. Nchi hii imebeba majeraha ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na kila mwezi wa Aprili wako wanaopatwa na ihahamuka, yaani mtikisiko wa kumbukumbu. Anayelia kwa kumbukumbu hizo anahitaji kusikilizwa na kushikwa mkono. Kilio chake peke yake si wazimu. Na mzee aliyepoteza fahamu za uzeeni asipewe dawa hii ili tu nyumba iwe kimya, kwa maana katika wazee wa namna hiyo huongeza hatari ya kifo.

Ndugu wasikilizaji, msaada upo. Iko hospitali ya Ndera, karibu na Kigali. Hospitali za wilaya zina huduma ya afya ya akili. Na kila mtaa una mhudumu wa afya wa jamii. Ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, kipo kituo ambacho jina lake latosha kuwa faraja: Tulizo Letu. Vidonge visinunuliwe sokoni, visichanganywe na bia wala urwagwa, wala visiachwe ghafla pasipo shauri la daktari.

Jamaa wa mgonjwa ndio walinzi wake wa kwanza. Wamtazame shingo, mikono na usingizi, na wanachokiona wamweleze mganga wa hospitali bila haya. Dawa iliyotumiwa kwa kipimo na kwa macho yaliyo wazi yaweza kumrudisha mvuvi katika mtumbwi wake. Na kamba tunayomfungia mgonjwa nyumbani haijapata kumponya mtu.