Kompyuta za matawi zikikwama, usikimbilie kununua bando kubwa

Mvua za Novemba zinapokaribia, foleni ya wanaotaka mbegu na mbolea katika duka la pembejeo la Mlowo inaweza kufika barabarani, huku karani akiitazama kompyuta tu. Amebofya ankara, kioo kimeganda. Bei, madeni na hesabu ya mali vyote viko kwenye seva ya duka kubwa Tunduma, na kila anachobofya lazima kiende huko na kurudi. Mkulima aliyekodi bodaboda kutoka kijijini hawezi kungoja. Ng'ambo ya barabara kuna duka jingine.

Hilo ndilo tatizo la mfanyabiashara wa Songwe mwenye maduka zaidi ya moja, tuseme Tunduma, Vwawa na Mkwajuni, anayetaka kuyaona yote kwenye programu moja. Dawa inayokimbiliwa ni bando kubwa zaidi. Mara nyingi fedha hiyo hupotea, kwa sababu bando kubwa huongeza upana wa njia, halifupishi safari. Ukiipanua barabara ya Tanzam iwe ya njia nane, bado lori litakuwa na zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam.

Tufanye hesabu. Programu nyingi za maduka zilitengenezwa zitumike ndani ya jengo moja. Kufungua ankara moja tu, kompyuta ya karani inaweza kuiuliza seva mamia ya maswali, moja baada ya jingine: jina la mteja, deni lake, bei, kodi, mifuko iliyobaki stoo. Tuseme ni maswali 500. Ndani ya duka jibu likija kwa nusu milisekunde (milisekunde 1,000 ni sekunde moja), yote yamekwisha kwa robo sekunde. Kutoka Vwawa kwa modemu ya simu, kila jibu likichukua milisekunde 80, maswali yaleyale yanakula sekunde 40. Ankara moja! Na bando lako hapo halijatumika hata robo.

Ndiyo maana mafundi hupendekeza rimoti desktopu. Kwa mfumo huu programu haiendeshwi Vwawa kabisa. Inaendeshwa kwenye seva, jirani na mafaili yake, na kinachosafiri ni picha ya kioo kuja tawini na vibonyezo vya karani kwenda. Yale maswali 500 hayatoki chumba cha seva. Karani anangoja safari moja kwa kila kibonyezo, na milisekunde 80 hazimsumbui. Zikifika 300, herufi huanza kubaki nyuma ya vidole, na hapo ndipo mfuko mmoja unapoandikwa kumi na moja.

Wapo waliofunga mfumo huo na bado wanalia. Kwao kuna jaribio la bure: kaa mbele ya seva yenyewe, fungua ankara ileile. Ikiwa nzito hata hapo, intaneti haina hatia. Huenda "seva" ni kompyuta ya kawaida ya mezani, makarani wanane wanagawana RAM iliyowekwa kwa ajili ya mtu mmoja, na diski ni ile ya zamani ya kuzunguka. Kuongeza RAM na kuweka diski ya SSD ni gharama ya mara moja. Bando hulipwa kila mwezi.

Ikiwa nyepesi kwenye seva na nzito tawini, pima safari. Kwenye kompyuta ya tawi fungua dirisha la amri, andika ping, acha nafasi, kisha anwani ya seva, utaona milisekunde. Rudia asubuhi, mchana na jioni. Namba zikiruka 60, 400, 90, 700, kuna kitu kinaziba njia: kamera za ulinzi, video kwenye simu za makarani, au nakala rudufu inayotumwa mchana badala ya usiku. Printa nayo huziba, hasa risiti ikiwa na nembo kubwa ya picha. Walio karibu kabisa na mpaka wachunguze pia kama modemu haijanasa mnara wa upande wa Nakonde, maana hapo gharama nazo hupanda.

Wanaoshawishiwa kukodi seva Ulaya wajue kuwa safari inakuwa ndefu zaidi, na inapita baharini. Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu na intaneti ikazorota nchini. Seva iliyoko Tunduma, Mbeya au Dar es Salaam haihitaji kuvuka bahari ili kuhudumia Mkwajuni.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa haraka haraka huliacha. Mlango wa rimoti desktopu usiachwe wazi kwenye intaneti, kwani wezi huutafuta usiku na mchana, wakafunga mafaili na kudai fidia. Upitishwe ndani ya VPN, na kila karani awe na nywila yake. Oktoba 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa kwake, hivyo muulize fundi wako amelishughulikiaje hilo kabla hujamlipa.