Kusimika Mfumo Endeshi kwa Mkono: Mfano wa Boma la Rangwe

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kompyuta nzima: kumbukumbu, diski, kibodi na programu nyingine zote. Wengi huupokea ukiwa tayari, wasijue ulivyojengwa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame: anayetaka kuuelewa na ausimike mwenyewe, hatua kwa hatua.

Mfano mwafaka ni boma la Kijaluo, kama yale ya Rangwe katika Kaunti ya Homa Bay. Boma halijengwi ovyo. Nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, huelekea lango kuu. Simba, vibanda vya wana wa kiume, hukaa karibu na lango. Vivyo hivyo, anayesimika Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, huanza kwa kugawa diski kama kiwanja. Kisha huiandaa ipokee faili, akaweka kiini kiunganishacho programu na mitambo, na programu ya kuwashia iliyo mithili ya lango. Mwisho huwafungulia watumiaji akaunti, kila mmoja na simba yake. Akilisahau lango, mfumo hauamki ingawa kiini kimo diskini. Hapo ndipo kazi ya kila sehemu inapodhihirika.

Jambo hili lawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo hudai istilahi, na istilahi faafu huundwa na aijuaye dhana kwa vitendo, si kwa kamusi pekee.