Karate: Ugumu na Ulaini

Kijana wako akikuomba ruhusa ya kujifunza karate, yamkini utahofu kwamba atarudi nyumbani mgomvi. Kabla hujamkatalia, sikiliza habari za Chojun Miyagi.

Alizaliwa mwaka 1888 mjini Naha, katika kisiwa cha Okinawa, Japani. Tangu ujana wake alifundishwa na Kanryo Higaonna, aliyepata maarifa yake Fuzhou, Uchina. Mwaka 1915 Miyagi naye alikwenda huko kutafuta elimu zaidi. Baadaye mtindo wake aliuita Goju-ryu, yaani ugumu na ulaini: mwili hukaza unapopiga, hulegea unapopokea pigo.

Vita vya mwaka 1945 viliiteketeza Okinawa. Miyagi alifiwa na baadhi ya watoto wake, pamoja na mwanafunzi wake mkuu, Jin'an Shinzato. Hata hivyo alianza upya, akafundisha uani kwake hadi alipofariki mwaka 1953. Sisi wa Kanoni, katika mkoa uliovamiwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, tunaelewa uzito wa kuanza upya.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani Mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliufundisha mtindo huo Dar es Salaam, nao ukaota mizizi nchini.

Basi, mzazi, usimwulize mwalimu wa karate ni wangapi aliowaangusha. Mwulize kama anawafunza vijana kujizuia. Ngumi isiyo na adabu ni hasara. Iliyo na adabu ni ngao ya nyumba.