Sense8: Njama ya Kimataifa Ilivyopokelewa Ilipopita Nairobi

Sense8 ni tamthilia ya mfululizo iliyoanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 5 Juni 2015. Ilitungwa na Lana na Lilly Wachowski, waliopata umaarufu kwa filamu ya The Matrix, pamoja na mwandishi J. Michael Straczynski. Inahusu watu wanane wasiojuana wanaoishi San Francisco, Chicago, London, Berlin, Mumbai, Seoul, Mexico City na Nairobi. Siku moja wanagundua kwamba akili zao zimeungana: mmoja akiumia, wenzake husikia maumivu, mmoja akikwama, mwingine huja na ujuzi wake kumwokoa.

Njama inaanzia hapo. Shirika la siri liitwalo BPO, lenye mizizi katika taasisi za utafiti na katika serikali mbalimbali, linawasaka watu wa aina hiyo. Kinara wa msako ni daktari anayejulikana kama Whispers, ambaye akitazamana ana kwa ana na mmoja wao hupata njia ya kuingia akilini mwake.

Mkenya katika kundi hilo ni Capheus, dereva wa matatu anayeishi Kibera. Matatu yake ameipa jina la Van Damn kwa kumhusudu mwigizaji Jean-Claude Van Damme. Mama yake anaishi na virusi vya Ukimwi, na katika kumtafutia dawa za kweli, Capheus anajikuta akifanya kazi kwa Silas Kabaka, mkubwa wa genge. Sehemu za Nairobi katika msimu wa kwanza ziliongozwa na Mjerumani Tom Tykwer. Hakuwa mgeni jijini: kampuni yake, One Fine Day Films, ilikuwa imeshirikiana na Ginger Ink ya Nairobi kutengeneza Soul Boy (2010) na Nairobi Half Life (2012).

Wahakiki wa Marekani na Uingereza waliupokea msimu wa kwanza kwa maoni yaliyogawanyika. Wengi waliandika baada ya kutazama sehemu tatu za mwanzo tu, na lalamiko lao kuu lilikuwa moja: hadithi inakwenda polepole na fumbo halieleweki. Lalamiko hilo lilikuwa na msingi. Tamthilia ya njama humfunga mtazamaji kwa kumpa siri kidogo kidogo. Sense8 ilitumia saa nyingi kuwatambulisha wahusika wanane kabla ya kueleza BPO ni nini na inataka nini. Waliovumilia hadi mwisho wa sehemu zote 12 walisifu kitu kingine: picha za miji halisi, uhariri unaounganisha mabara mawili katika pambano moja, na huruma kwa kila mhusika. Tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni ya wahakiki, iliupa msimu wa kwanza takriban asilimia 71 na wa pili, uliotoka Mei 2017, takriban asilimia 93. Mwaka 2016 tamthilia hiyo ilipata tuzo ya GLAAD kwa namna ilivyowaonyesha watu wa jinsia na mapenzi ya aina mbalimbali.

Ukosoaji mzito zaidi ulihusu ulimwengu wenyewe uliochorwa. Mwaka 2015 mwandishi wa Marekani Claire Light alitoa hoja kwamba tamthilia inayodai kuunganisha dunia ilikuwa bado inaitazama dunia kwa macho ya Marekani. Nairobi inatoa ushahidi wa kutosha wa hoja hiyo. Hadithi ya Capheus imejengwa kwa Ukimwi, dawa bandia, mabanda na magenge yenye mapanga. Mambo hayo yapo, lakini yakikusanywa yote juu ya mtu mmoja yanakuwa orodha ambayo mtazamaji wa mbali tayari alikuwa nayo kichwani kuhusu Afrika. Lugha nayo ina pengo. Ndani ya matatu ya Nairobi watu husemezana kwa Kiswahili na Sheng. Kwenye tamthilia, mazungumzo karibu yote ni ya Kiingereza.

Jambo la tatu ni waigizaji. Capheus aliigizwa kwanza na Mwingereza Aml Ameen, ambaye aliondoka mwaka 2016 msimu wa pili ulipokuwa ukitengenezwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Toby Onwumere, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Mkenya wa hadithi, kwa hiyo, hakuwahi kuigizwa na Mkenya. Waigizaji wa Kenya walipewa nafasi za pembeni na wakazitendea haki: Paul Ogola kama Jela, rafiki wa Capheus; Peter King Mwania kama Kabaka; na katika msimu wa pili Mumbi Maina kama Zakia, mwanahabari. Msimu huo ulirekebisha mambo kiasi, kwa kuwa Capheus anaingia siasa na kupewa uhusiano wa mapenzi na sauti ya uongozi, badala ya kukimbizwa tu.

Mapokezi ndani ya Kenya yalitegemea pia nani aliweza kuitazama. Tamthilia ilipotoka, Netflix haikuwa ikiuza huduma zake nchini. Ilifika Januari 2016, ilipofungua milango katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo. Mwezi huohuo Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilitangaza kwamba huduma hiyo ni tishio kwa maadili na usalama wa taifa. Kwa maudhui yake ya mapenzi, Sense8 isingeweza kuonyeshwa jioni kwenye stesheni za kawaida. Hivyo mji uliochangia mandhari yake haukupata nafasi ya kuijadili sebuleni kama ulivyojadili vipindi vya nyumbani.

Tarehe 1 Juni 2017 Netflix ilitangaza kuisitisha Sense8 baada ya sehemu 23 zilizopigwa katika miji 16 ya nchi 13. Gharama ilikuwa kubwa isiyolingana na idadi ya watazamaji. Mashabiki wa nchi nyingi walipiga kelele, na kabla ya mwezi kuisha ikaahidiwa sehemu ya kufunga hadithi, iliyotoka tarehe 8 Juni 2018. Wahakiki waliona mwisho huo una haraka, lakini wengi waliuheshimu kwa kutowaacha watazamaji njiani.

Jibu la Kenya kwa ukosoaji kuhusu lugha na waigizaji lilianza kuonekana tarehe 15 Julai 2022, Netflix ilipotoa Country Queen, tamthilia yake ya kwanza ya Kenya. Ina sehemu sita. Melissa Kiplagat ni Akisa, anayerudi kijijini Tsilanga na kukuta kampuni ya madini ikiinyemelea ardhi. Nini Wacera ni bosi wa kampuni hiyo. Wahusika wanasema Kiswahili, Kiingereza na Kikamba kulingana na mahali walipo na wanayezungumza naye. Njama yake haihitaji daktari anayeingia akilini. Inahitaji mkataba, hatimiliki na kiongozi aliyenunuliwa.

Njama ya namna hiyo inaeleweka upesi Noonkopir na Kitengela nzima, katika kaunti ya Kajiado. Huko ranchi ya jamii iligawanywa miaka ya 1980, viwanda vya Athi River vikavuta watu, na malisho yakageuka ploti za kuuzwa. Mkazi wa Kajiado anajua jinsi shamba linavyoweza kubadili mmiliki kwenye karatasi kabla ya mwenyewe kuambiwa, na kwa ujuzi huo anaweza kupima kama tamthilia inasema kweli.

Tamthilia ya njama, basi, hustahili kupimwa kwa mizani miwili. Wa kwanza ni ufundi: siri imefichwa na kufichuliwa kwa kipimo kizuri au la. Wa pili ni ukweli wa mahali: lugha, kazi na watu wa mji unaoonyeshwa wametendewa haki au la. Wahakiki wa ng'ambo walitumia zaidi mizani wa kwanza kwa Sense8, na kwa mizani huo ilipanda kutoka msimu wa kwanza hadi wa pili. Kwa mizani wa pili, sehemu yake ya Nairobi ilibaki pungufu, na wenye haki ya kwanza ya kulisema hilo ni watazamaji wa Kenya.