Moto na Dawa za Miti Shamba

Huku kwetu Uluguru, mtu akichuma dawa porini huulizwa ni jani gani na ni la ugonjwa gani. Habari ya moto huulizwa mara chache. Dawa hutiwa chunguni, kuni huchochewa, na maji yakigeuka rangi husemwa ya kuwa imekwisha iva. Napenda kuwaeleza wasomaji ya kuwa moto huo waweza kuitoa dawa katika jani, na waweza vile vile kuiharibu.

Gome la mdalasini, ulimwao Kinole na Matombo, ni gumu. Maji huhitaji muda kupenya ndani yake. Tena milima yetu ina jambo lake. Mjini Morogoro, kadiri ya mita 500 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 98. Kila upandapo mita 300, hupungua kama uzi mmoja, hata karibu na kilele cha Kimhandu, kipitacho mita 2,600, yatachemka kwa nyuzi 91 hivi. Chungu chatokota vile vile, lakini joto si lile. Aliyepika maharage huko juu aijua habari hii.

Mchaichai na mrehani ni mambo mengine. Nguvu yake imo katika mafuta mepesi yarukayo pamoja na mvuke. Ile harufu nzuri ijazayo jikoni ndiyo dawa yenyewe inayokwenda zake. Majani hayo yafaa kumiminiwa maji yaliyochemka, kisha yafunikwe. (Mama zetu hufunika bila kufundishwa kemia.)

Kitunguu saumu kikiwa kizima hakinuki sana. Ukikiponda, vitu viwili vilivyotengwa ndani yake hukutana na kuzaa alisini, kitu kikali kiuacho vijidudu. Lakini kimoja cha hivyo viwili ni kimeng'enya, nacho hakistahimili moto. Basi kipondwe, kiachwe dakika 10, ndipo kipelekwe jikoni.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa malaria. Gome la mkwinini, mti uliopandwa na Wajerumani huko Amani, Usambara, huvumilia kuchemshwa. Mmea uitwao Artemisia annua, ambao wengine huuita pakanga, hauko hivyo. Huko China, Tu Youyou na wenzake waliujaribu wakapata matokeo yasiyotulia. Akasoma tena kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona ya kuwa huyo aliagiza majani yalowekwe majini na kukamuliwa, moto hakuutaja. Basi akatumia etha, ichemkayo kwa nyuzi 35 tu. Mwaka 1971 dawa aliyoipata ilivimaliza vijidudu vya malaria katika panya, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tupewayo zahanati imetokana na kazi hiyo.

Je, tuyaloweke majani hayo nyumbani? Shirika la Afya Duniani halikubali. Kikombe kimoja huwa na dawa nyingi, kingine kidogo, na vijidudu vinavyobaki damuni huzoea kuistahimili. Bibi yangu hutunywesha mchaichai kwa mafua, lakini mtoto akishikwa na homa kali humbeba mgongoni na kushuka naye zahanati akapimwe damu, hata kama mvua yanyesha.