Majani ya bahari na ugonjwa wa kusahau

Uzee una magonjwa yake. Kuna wazee wanaosahau majina ya watoto wao na kupotea katika njia ya shamba lao wenyewe. Watu husema: wamerogwa, au, vibaya zaidi: wao ndio walozi. Lakini mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1906 munganga Alois Alzheimer aliueleza mbele ya wenzake huko Tübingen, katika Ujerumani. Katika ubongo wa mwanamke aliyekufa alikuwa ameona madonge na nyuzi zilizosokotana.

Madonge hayo yatoka wapi? Mwili wetu una protini za namna nyingi. Kila moja ni kama uzi mrefu, nao sherti ukunjwe vizuri ndipo ufanye kazi yake. Ukikunjwa vibaya, hushikamana na nyingine. Tazama ute wa yai: ukipata moto unaganda, wala haurudi tena kuwa majimaji. Katika ubongo hakuna moto, lakini protini iitwayo amiloidi-beta hugandamana polepole, miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau.

Basi, majani ya bahari, yaani mwani, yana kazi gani hapa? Mwani wa rangi ya kahawia una vitu vya ukakasi, ndugu za vile vya majani ya chai, viitwavyo florotanini. Katika laboratwari wataalamu walivichanganya na amiloidi-beta, wakaona kwamba vinaishika protini na kuizuia isifanye nyuzi.

Hilo ni jambo la kutumaini, lakini chupa si mwili. Kinacholiwa huvunjwa tumboni, tena ubongo haupokei kila kitu kilicho katika damu. Na kuzuia madonge si kufufua chembe za ubongo zilizokwisha kufa.

Mwaka 2019 serikali ya China ilikubali, kwa masharti, dawa iliyotokana na sukari ya mwani wa kahawia, iitwayo oligomanati. Ilikuwa imejaribiwa kwa wagonjwa 818 muda wa wiki 36. Wataalamu wengi walisema muda huo ni mfupi. Jaribio la nchi nyingi likaanzishwa, lakini mwaka 2022 lilisimamishwa kabla ya kutimia.

Kwa hiyo, mtu akija kuuza unga wa mwani akisema waponya usahaulifu, tusimwamini. Na anayemwita mzee wake mlozi, afadhali ampeleke kwa munganga.